Manahodha Wengi katika Chombo Kimoja: Historia ya Mawakala wa Kompyuta

Wahenga waliacha methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kama zinagombana. Ya kwanza husema kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ya kwanza humtaka mtu aite wenziwe. Ya pili humwonya asiwaite pasipo kujua nani atashika usukani. Aghalabu watu hutumia methali moja katika jambo hili na nyingine katika jambo lile, wala hawaoni haja ya kuzipatanisha. Lakini iko elimu moja ya karne ya 20 ambayo ililazimika kuzishika zote mbili kwa wakati mmoja, na historia yake yote ni juhudi ya kuzipatanisha. Elimu hiyo ni ile ya programu za kompyuta zifanyazo kazi kwa ushirikiano, ambazo wataalamu wamezipa jina la mawakala.

Jina hilo si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Tangu zama za majahazi mpaka siku hizi za kutuma fedha kwa simu, wakala ni mtu atendaye kwa niaba ya mwingine: hununua, huuza, hupokea na hulipa, hali yule aliyemtuma yuko mbali. Sifa zake ni mbili. Kwanza ana hiari, maana aliyemtuma hawezi kumwambia kila hatua ya kufuata. Humwambia kusudi lake, naye wakala hutafuta njia. Pili ana wajibu, maana hiari yake ina mpaka, na mwisho wa kazi atatoa hesabu. Programu ya kompyuta huitwa wakala inapopewa lengo, ikaangalia hali ya mahali ilipo, ikachagua yenyewe jambo la kutenda, na ikazungumza na wenzake. Historia ya mawakala hao yaonyesha ya kuwa hiari ilipatikana mapema. Wajibu ulichelewa, na katika kuchelewa kwake yamo mafunzo makubwa kuliko yote ya elimu hii.

Kompyuta za kwanza zilikuwa na bwana mmoja. Programu moja ilianza juu na kushuka chini, amri baada ya amri, kama karani asomaye daftari la mahesabu. Utaratibu huo ulitosha maadamu kazi ilikuwa hesabu ya mishahara au orodha ya bidhaa. Ulipungukiwa pale kazi ilipotaka maarifa ya namna nyingi, au habari zilipozaliwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Mtandao wa umeme wa nchi nzima, viwanja vya ndege vyenye ndege nyingi angani, hospitali yenye idara nyingi: katika mambo kama hayo hapana akili moja iwezayo kupokea kila habari, kuipima, na kuitolea hukumu kabla habari haijachakaa. Kwa hivi wataalamu walianza kufikiri juu ya akili nyingi ndogo badala ya moja kubwa.

Jaribio la kwanza lililopata sifa lilihusu lugha. Mwaka 1971 idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianza kugharimia mpango wa miaka mitano wa kuiwezesha kompyuta kufahamu maneno ya mtu yasemwayo mfululizo. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Raj Reddy na wenzake Lee Erman, Victor Lesser na Frederick Hayes-Roth walitunga programu iliyoitwa Hearsay-II. Waliona ya kuwa kusikia maneno si elimu moja bali ni elimu nyingi. Iko elimu ya sauti, ya silabi, ya maneno, ya sarufi na ya maana. Kila elimu waliiweka katika programu yake yenyewe, wala hapana programu iliyojua siri za mwenziwe. Zote zilitazama ubao mmoja. Programu ya sauti iliandika ubaoni kile ilichodhani imesikia. Programu ya maneno ilikisoma na kuongeza dhana yake. Programu ya sarufi ikitazama dhana hiyo huenda ikaitia nguvu au ikaidhoofisha. Mfano wa ubao ulikuwa umekwisha tolewa mwaka 1962 na Allen Newell, aliyewafananisha watenda kazi wa namna hii na watu walioketi mbele ya ubao mmoja, kila mmoja akingoja apate la kuongeza.

Programu hizo zilipopimwa mwaka 1976, jambo la kufikirisha lilitokea. Hearsay-II iliweza kufasiri sehemu kubwa ya sentensi zilizotungwa kwa msamiati wa maneno 1,000 hivi. Lakini programu nyingine ya chuo hicho hicho, iliyoitwa Harpy, iliishinda kwa usahihi. Harpy haikuwa na baraza la wataalamu. Ilikuwa na mtandao mmoja mkubwa ambamo maarifa yote yalichanganywa mapema, nayo ilitafuta njia iliyo bora ndani ya mtandao huo. Siku ile nahodha mmoja alishinda. Hata hivyo, katika Harpy maarifa yalikwisha kandwa pamoja kama unga na maji, na kutenganisha kimoja ili kukirekebisha kulikuwa shida. Katika Hearsay-II iliwezekana kutoa programu moja na kutia nyingine pasipo kuvunja ubao. Kwa sababu hiyo fikira ya ubao ilidumu baada ya shindano kusahauliwa, ikatumiwa katika kazi nyingi zisizohusu usemi hata kidogo.

Ubao ulikuwa na upungufu wake. Ulihitaji kukaa mahali pamoja, na ulihitaji mpangaji wa kuamua ni zamu ya nani. Tangu mwaka 1973 Carl Hewitt na wenzake wa Massachusetts Institute of Technology walikuwa wamependekeza ulimwengu usio na ubao, ambamo kila programu ni mtendaji aliyejitenga na hapana njia ya kumfikia ila kwa kumpelekea ujumbe. Sasa swali likawa jipya: pasipo ubao na pasipo mpangaji, kazi itagawanywaje?

Jibu lilitoka sokoni. Reid Smith, aliyesomea Chuo Kikuu cha Stanford, alitangaza mwaka 1980 utaratibu uliofuata desturi ya zabuni. Wakala mwenye kazi inayomzidi nguvu huitangaza kwa wenzake na kueleza masharti yake. Wale wenye nafasi na ujuzi hupeleka maombi, kila mmoja akitaja uwezo wake. Mwenye kazi hulinganisha maombi, humchagua mmoja, naye aliyechaguliwa huwa amefunga mkataba. Aliyepata kazi aweza kuigawa vipande na kutangaza zabuni zake mwenyewe, hata yule aliyekuwa mtumishi katika jambo moja akawa bwana katika jingine. Hapana aliyezaliwa mkubwa. Ukubwa ulikwenda na kazi, na ulikwisha pamoja nayo. Mwaka huo huo wa 1980 wataalamu wa elimu hii walikutana huko Massachusetts Institute of Technology katika mkutano wao wa kwanza, na elimu yenyewe ikaanza kuhesabiwa kuwa tawi linalojitegemea.

Zabuni ilieleza vizuri jinsi ya kuanza kazi. Haikueleza sana yatakayotokea baadaye, wakati mawakala wamekwisha gawana kazi na kila mmoja ameona kipande chake tu cha ukweli. Jambo hili lilichunguzwa na Victor Lesser, ambaye alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, pamoja na Daniel Corkill. Mwaka 1983 walieleza mtambo wa majaribio ambamo vituo vingi vilivyotawanyika vilisikiliza sauti za magari na kujaribu kuchora njia yalimopita. Hapana kituo kilichosikia safari nzima. Kila kimoja kilikuwa na habari pungufu, pengine za makosa, nacho kilipeleka dhana zake kwa vingine. Walitumaini ya kuwa makosa ya mmoja yatasahihishwa na wengi.

Mara nyingi ilikuwa hivyo. Lakini Lesser na Corkill waligundua jambo ambalo kila mwenyeji wa mtaa alijua kabla yao, yaani uvumi. Kituo kilichokosea kiliweza kupeleka dhana yake kwa nguvu, na wenzake walioipokea wakaacha kazi nzuri waliyokuwa nayo mikononi wakaanza kufuata kosa la jirani. Habari zaidi hazikuleta ufahamu zaidi. Kumbe katika ushirikiano haitoshi wakala ajue la kusema. Yampasa ajue pia la kunyamazia, na ajue ni lini amwamini mwenziwe na lini ashikilie alichokiona kwa macho yake.

Katika hatua hiyo elimu ilikuwa bado maabarani. Iliingia katika kazi za watu kwa mradi wa Ulaya ulioitwa ARCHON, ulioanza mwaka 1989 na kuendelea hadi 1994. Mmoja wa waliouongoza kwa fikira alikuwa Nick Jennings wa Uingereza. Mahali pamoja palipojaribiwa kazi hiyo ni chumba cha kuongozea mtandao wa umeme wa shirika la Iberdrola, kaskazini mwa Hispania. Msomaji na afikiri hali ya chumba hicho wakati wa dhoruba. Radi imepiga njia ya umeme. Swichi kubwa zimejikata. Ishara za hatari zinamiminika kwa wingi katika muda mfupi, nyingine zikirudia, nyingine zikichelewa, nyingine zikikosekana. Mwongozaji aliyeketi pale yampasa atambue ni kifaa gani kilichoharibika hasa, na ni vipi vilivyozimika kwa sababu tu viko nyuma yake. Akikosea, aweza kuwasha umeme juu ya waya uliokatika.

ARCHON haikumpa mwongozaji huyo programu moja kubwa. Ilimpa jamaa ya mawakala. Walikuwapo wa kupokea habari kutoka mtandaoni. Wawili walitafuta ugonjwa, mmoja kwa kutumia habari zenye mfuatano kamili wa wakati, na mwingine kwa kutumia zisizokuwa nao. Mmoja alitambua eneo lililoingia gizani mwanzo wa msiba. Mwingine alipanga njia ya kurudisha umeme, na mmoja alizungumza na mwongozaji. Faida ya ushirikiano ilionekana katika jambo dogo: kifaa kilichoharibika hakina budi kuwa ndani ya eneo lililozimika kwanza. Basi wakala wa eneo alipomaliza kazi yake aliwapelekea habari watafutaji wa ugonjwa, nao wakaacha mara moja dhana zote zilizokuwa nje ya mpaka huo. Watafutaji wenyewe walilinganisha majibu yao, na majibu mawili yaliyotoka katika njia mbili yakikubaliana, mwongozaji alipata sababu ya kuyaamini. Jambo kama hilo lilifanyika huko CERN, karibu na Geneva, ambako programu mbili zilizotungwa mbalimbali, moja ya kuchunguza miale ya chembe na nyingine ya kuchunguza mitambo inayoiongoza, zilifundishwa kusaidiana katika kutafuta chanzo cha hitilafu moja.

Katika kazi hizo Jennings aliona kitu ambacho zabuni ilikuwa haikukitaja. Wakala aliyekubali kazi aweza kuiacha kwa sababu njema kabisa: pengine kazi imekwisha, pengine haiwezekani tena, pengine sababu yake imeondoka. Kuacha si kosa. Kosa ni kuacha kimya. Wenziwe, wasiojua, wataendelea kumngojea na kujenga juu ya msingi usiokuwapo. Mwaka 1991 Philip Cohen na Hector Levesque walikuwa wameandika ya kuwa wanaoshirikiana katika lengo moja wana deni la kujulishana: yeyote atambuaye ya kuwa lengo limefikiwa au limeshindikana hana ruhusa ya kulitupa moyoni mwake peke yake, hana budi kuwajulisha wenzake kwanza. Jennings aliifanya kanuni hiyo kuwa ya kazi, akaandika mwaka 1993 ya kuwa ahadi, pamoja na desturi za kuishika na kuivunja, ndizo msingi wa utaratibu wote wa mawakala wengi. Ahadi ni deni, Waswahili husema. Wataalamu hao waliongeza ya kuwa hata deni linaloshindwa kulipwa lina adabu yake.

Kujulishana kwataka lugha. Hapo elimu ya kompyuta iligeuka kwa wanafalsafa wa lugha na kukopa kwao. Mwaka 1955 J. L. Austin, mwalimu wa Oxford, alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard, iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kufa kwake, ambamo alionyesha ya kuwa maneno mengi hayaelezi jambo bali hulitenda. Mtu anenapo ya kuwa ameahidi, hatoi habari za ahadi. Ndiyo ahadi yenyewe. Kadhi aozeshapo, mwenye kunadi anapouza, mzee anapousia, maneno yao ni matendo. Miaka 30 baada ya mihadhara hiyo na zaidi, watunga programu walitambua ya kuwa mawakala wao walihitaji kitu hicho hasa. Ujumbe kati ya mawakala haukuweza kuwa habari tupu. Ulipaswa kusema kama ni swali, au taarifa, au ombi, au kukubali, au kukataa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lugha ya namna hiyo ilitungwa Marekani, ikaitwa KQML, na Tim Finin wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, alikuwa mmoja wa waenezaji wake. Mwaka 1996 chama cha FIPA kiliundwa huko Uswisi ili kuweka kanuni za kimataifa, nacho kikatoa lugha yake. Kanuni zake zilifuatwa na programu iitwayo JADE, iliyotungwa Turin, Italia, na kutolewa bure kwa watu wote mwaka 2000. Na mwaka 2005 kazi ya FIPA iliingizwa katika jumuiya ya wahandisi ya IEEE.

Hata hivyo lugha hizo zilibeba ugonjwa ndani yake. Maana ya kila tamko ilielezwa kwa hali ya moyo wa msemaji. Wakala akisema jambo ni kweli, ilihesabiwa ya kuwa yeye mwenyewe analiamini na ya kuwa anakusudia msikilizaji aliamini. Mwaka 1998 Munindar Singh wa Chuo Kikuu cha North Carolina State aliuliza swali lililo wazi: nani atapekua moyo wa wakala? Programu iliyotungwa na shirika moja haiwezi kufungua programu ya shirika jingine na kuona kama inaamini inachosema. Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, nao wa mashine vilevile. Singh alishauri maana ya maneno iwekwe mahali panapoonekana, yaani katika ahadi ambazo msemaji amejifunga nazo mbele ya wengine. Ahadi yaweza kuandikwa, kushuhudiwa na kupimwa, imani haiwezi. Kwa shauri hilo wajibu ulitoka moyoni ukaja barazani, na hapana shaka hiyo ni hatua kubwa katika historia hii.

Lakini ahadi na lugha havikutosha kuondoa hatari zote, kwa maana mawakala huishi katika wakati, na wakati ni mgumu. Mwezi wa Mei mwaka 1999 chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Deep Space 1, kikiwa zaidi ya kilomita milioni 90 kutoka duniani, kiliachwa kijiongoze kwa programu zenye sehemu tatu zilizoshirikiana: moja ilipanga kazi, ya pili ilitekeleza, na ya tatu ilitambua hali ya vifaa na kutibu hitilafu. Siku ya pili injini haikuzimwa kama ilivyopangwa. Programu zilikuwa zimekwama, moja ikiingoja nyingine. Kosa lenyewe lilikuwa dogo mno. Sehemu moja iliangalia kama habari fulani imefika; ikakuta haijafika; ikaamua kulala ingoje. Katika nukta ya wakati iliyo kati ya kuangalia na kulala, habari ikafika na kupita. Basi ikalala, ikingoja kitu kilichokwisha kuja. Kosa la namna ile ile lilikuwa limegunduliwa mwaka 1997 na wataalamu wa kuhakiki programu katika sehemu nyingine ya kazi hiyo hiyo, likasahihishwa pale, lakini ndugu yake akabaki mahali ambapo hawakutazama. Waongozaji waliokuwa duniani waliingilia kati, jaribio likaendelea, na malengo yake yakatimizwa. Kama wasingekuwapo, ingekuwa habari nyingine.

Msiba mkubwa zaidi ulitokea katika soko. Alasiri ya tarehe 6 Mei 2010, programu ya muuzaji mmoja huko Marekani ilianza kuuza mikataba 75,000 inayofuata bei za hisa, yenye thamani ya dola bilioni 4.1 hivi. Iliagizwa ipime mauzo yake kwa kuangalia wingi wa biashara iliyofanyika dakika iliyotangulia, pasipo kujali bei wala muda. Programu za wafanya biashara wengine zilinunua mikataba hiyo na kuuziana wenyewe kwa wenyewe haraka mno. Wingi wa biashara ukapanda; programu ya kwanza ikauona wingi huo, ikaongeza kuuza. Uchunguzi wa serikali uliotangazwa mwezi wa Septemba mwaka huo ulionyesha ya kuwa katika sekunde 14 programu za haraka ziliuziana mikataba zaidi ya 27,000, na baada ya zogo lote hilo zilikuwa zimebaki na ongezeko la mikataba 200 tu. Katika muda wa dakika chache kipimo cha hisa cha Dow Jones kilikuwa kimeshuka kwa pointi 1,000 hivi chini ya kilivyofunga siku iliyotangulia.

Mawakala wale hawakuundwa ili washirikiane. Kila mmoja alimtumikia bwana wake, na kila mmoja alifanya alivyoagizwa. Lakini walikuwa katika chombo kimoja, na hapana aliyeona mwendo wa chombo. Kilichokituliza hakikuwa akili zaidi. Soko la Chicago lilikuwa na kanuni iliyowekwa tangu mapema, ya kusimamisha biashara pale bei inapotishia kuporomoka kwa mfululizo. Saa 8 mchana, dakika 45 na sekunde 28, kwa majira ya New York, kanuni hiyo ilisimamisha biashara ya mikataba ile kwa sekunde 5. Ilipofunguliwa tena, bei yake ilitulia na kuanza kupanda; hisa nyingi za mashirika zilichukua dakika kadhaa zaidi kabla hazijapona. Sekunde 5 ni muda mfupi kuliko wa kuvuta pumzi mbili, lakini zilitosha kuvunja mnyororo.

Tangu mwaka 2023 elimu hii imeingia katika zama nyingine. Programu kubwa za lugha, zilizofunzwa kwa maandishi mengi mno, zimewapa mawakala uwezo wa kuzungumza kwa lugha za wanadamu. Mwaka huo watafiti wa Stanford na Google waliunda kijiji cha kubuni chenye mawakala 25 waliosalimiana, waliokumbuka na waliopanga shughuli zao. Mashirika yakaanza kuwapa mawakala kama hao kazi za kweli: kutafuta habari, kuandika programu, kujibu wateja, kuchunguza hitilafu. Wengi walidhani ya kuwa kwa kuwa mawakala sasa wana akili na lugha, shida za zamani zimekwisha. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichambua jinsi makundi ya mawakala hao yanavyoshindwa, wakapata namna 14 za kushindwa, wakazigawa mafungu matatu: maagizo na mpango wa kazi ulio mbaya, kutoelewana kati ya mawakala, na kutohakiki kazi iliyofanywa. Mwaka huo huo Google ilitoa itifaki mpya ya mazungumzo kati ya mawakala, kisha ikaikabidhi kwa Linux Foundation. Mwenye kuijua historia hatastaajabu. Mafungu yale matatu yalikwisha onekana Amherst, Hispania na angani, na haja ya lugha ya pamoja ndiyo ile ile iliyoleta FIPA mwaka 1996.

Kwa hivi methali mbili za wahenga hazigombani, ila kila moja yaeleza upande mmoja wa sharti. Kidole kimoja hakivunji chawa, nayo mifumo mikubwa ya habari haitatunzwa na programu moja. Lakini manahodha wengi huongoza chombo sawasawa pale tu walipokwisha agana kabla ya kutweka: nani ana kazi ipi, nani hujulishwa nini, aachaye kazi huaga vipi, na nani ana haki ya kusema chombo kisimame. Kila mara maagano hayo yalipokosekana, akili ya kila mmoja haikuokoa kitu. Pengine iliharakisha msiba.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna itifaki iliyolitatua. Wakala wa kibinadamu akivunja amana huona haya, hupoteza jina lake mjini, na hushitakiwa. Wakala wa kompyuta hana haya, hana jina la kupoteza, wala hawezi kusimama mbele ya hakimu. Deni lake hurudi kwa aliyemtuma. Katika chumba kile cha umeme huko Hispania mawakala walitoa shauri, na mtu ndiye aliyeamua kuwasha. Kadiri maamuzi yanavyohamia kwa mawakala wenyewe, wengi kwa hesabu na wepesi kuliko jicho, ndivyo inavyozidi kuwa lazima kila mmoja wao awe na mtu anayejulikana, mwenye kuweza kumsimamisha na kujibu kwa niaba yake. Mwenye duka wa zamani alijua ya kuwa akimtuma wakala ng'ambo, hasara ya wakala ni hasara yake mwenyewe. Kwa ajili hiyo alimchagua kwa uangalifu, akamwekea mpaka, na akadai hesabu. Wanaotuma mawakala wa leo hawana udhuru wa kufanya pungufu ya hayo.